Mota ya Tambarare

Kagarama, Kigali. Jumapili jioni, mvua za Novemba. Huu ni mwaka wa thelathini na moja tangu mimi na wewe tutoke Bujumbura.

Hamisi,

Nilingoja hasira ipoe ndipo nikuandikie. Haikupoa. Basi naandika nayo hivyo hivyo, kama ulivyokuwa ukinywa chai: ingali inatoa moshi, unalalamika kwamba inakuunguza, na kuiweka chini hutaki.

Dua zako nimezisoma zote. Tulisoma hitima kwa binti yako Mariamu, nikakaa mkekani mpaka miguu ikafa ganzi, nikaitikia kila amina. Mbele ya Mungu nimekutimizia haki yako, sikupunguza hata herufi. Lakini hii si dua. Haya ni maneno ya mtu na rafiki yake, na rafiki yake atayasikiliza mpaka mwisho kwa sababu safari hii hana pa kukimbilia.

Mbele yangu mezani kiko kigari chako. Nasema chako ingawa ulimpa mjukuu wako Zaituni. Kifuniko kimetolewa, matumbo yake yametokeza nje, udongo mwekundu umeingia kila mahali. Kando yake kuna mota iliyofungwa kwenye kitambaa. Hiyo ndiyo uliyoitia wewe ndani ya kigari. Iliyo ndani ya kigari sasa tumeitia mimi na Zaituni. Barua hii ni juu ya mota hizo mbili, na ukidhani nafanya mzaha basi hukuwahi kunijua.

Nianze pale ulipoanza uongo.

Kigari kilikuja kwetu hakina mota. Mgeni mmoja aliyekuwa anahama alitandaza vitu vyake uani akiviuza, wewe ukaenda kutafuta meza ya kukatia nguo, ukarudi umebeba gari la kuchezea kwenye kikapu cha sokoni. Lilikuwa refu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole, matairi yenye meno, springi nne, betri, rimoti, na kile kisanduku kidogo cha kudhibiti mwendo. Mahali pa mota palikuwa shimo tupu. Ulisimama mlangoni kwangu, mzee mwenye mvi, fundi cherehani uliyevisha mabwana harusi wa nusu ya mtaa wa Nyamirambo, ukasema, "Mwalimu, nimepata gari lisilo na moyo. Tulitafutie."

Tukabishana kiangazi kizima, kibarazani kwako, huku ukimenya karanga na kuniachia maganda. Mimi nilifundisha fizikia katika mji huu mpaka waliponistaafisha, kwa hiyo nilikueleza kama nilivyowaeleza wanafunzi. Ndani ya mota ya namna hii mna waya uliozungushwa kwenye chuma. Ukizungushwa mara chache, umeme hupita kwa wingi, mota hukimbia kama imefukuzwa, hula betri, huchemka. Ukizungushwa mara nyingi, mbio hupungua, lakini mota huvuta, huvumilia, na mtu anayejifunza hupata nafasi ya kukosea na kurekebisha. Nikakwambia anayeanza hajui kuachia. Kidole chake kinajua neno moja tu: kaza. Mpe mota ya mbio na utakuwa umempa ukuta wa kugonga.

Ulicheka. Ulisema, "Cherehani ya polepole inamfundisha mtu kusinzia." Na mimi nikakukumbusha ile mota uliyoifunga kwenye cherehani ya mkeo, Bi Asha, Mungu amrehemu. Ilimpita mkono, akashona kitambaa cha meza pamoja na mkono wa gauni lake mwenyewe, akakaa pale amenaswa, akiita, "Hamisi, njoo uone ulichonifanyia!" Ulicheka mpaka ukakohoa. Kisha ukafuta macho ukanipa mkono. "Sawa, Mwalimu. Umeshinda. Nitaweka mota yako ya kobe."

Nilikupa mkono. Nilikuamini. Lile lilikuwa jambo dogo, mota ya kigari, nani angedanganya juu ya mota ya kigari?

Kisha ukaniaga. Wiki mbili tu, ulisema. Unakwenda kuangalia kiwanja cha marehemu baba yako kule Buyenzi, mtaa wetu wa Bujumbura, uone kama majirani hawajakimega, usalimie, urudi. Kwa kuwa mpaka umefungwa na njia fupi haipitiki siku hizi, ulizungukia Tanzania kwa mabasi, wewe mwenye presha, na dawa umezitia kwenye soksi kana kwamba ni magendo. Nilikusindikiza mpaka stendi. Nilikununulia maji. Ulinishika bega ukasema, "Usimwache Zaituni akae bure. Akimaliza mtihani, mwashie kigari." Nikadhani unaniachia kazi ya wiki mbili.

Simu ya Saidi, mpwa wako wa kule Buyenzi, ilinikuta nikichagua mawe kwenye mchele. Ulianguka ukitoka msikitini, hukuugua, hukusema neno. Na mpaka ananipigia, mlikuwa mmeshamaliza. Nasema mlikuwa, kwa sababu nawaweka wote pamoja, wewe na waliokubeba. Ulikuwa umeshalala ardhini kabla ya alasiri. Najua ndiyo sheria yetu na ni sheria nzuri, maiti asicheleweshwe. Nimeitetea mbele ya watu wasiotuelewa. Lakini sheria hiyo ina maana kwamba wakati wanakushusha mimi nilikuwa na sinia magotini, natupa mawe mlangoni, napiga mluzi.

Hata hilo ningelimeza. Watu hufa safarini. Nililimeza kwa siku kadhaa.

Kisha Zaituni akamaliza mtihani wake.

Alikuja na kigari kwenye beseni, kimefunikwa kanga ya bibi yake. Unamjua, ni mrefu kuliko mimi sasa, na bado anatembea akiruka madimbwi. "Babu Mwalimu, Babu alisema wewe ndiye utaniwashia." Nilichaji betri, nikakagua nyaya, sikufungua mota. Kwa nini ningeifungua? Ulinipa mkono.

Mbele ya geti pale, ambapo ni sawasawa, kigari kiliruka. Sijasema kilikwenda, kiliruka. Kilipotea machoni, kikagonga geti la jirani, mbwa wake bado hajanisamehe. Zaituni alipiga kelele za furaha. Mimi nilijisemea: hii siyo ya kobe. Lakini alikuwa ananiangalia kwa macho yako, akasema, "Twende kwenye mlima!" Na hapa, Hamisi, ukitoka getini kila njia ni mlima. Tukateremka kwenye ile barabara ya udongo inayoshuka bondeni, akakigeuza kielekee juu.

Kilipanda hatua chache kikaanza kulia. Alikaza zaidi, kama nilivyokwambia watakavyokaza. Kikasimama katikati ya kilima kikitetemeka, na ile harufu ikatoka, ya vanishi ya waya inayoungua.

"Babu, iko inanuka! Babu, iko inatoa moshi!"

Nilikimbia, nami sikimbii. Nikachomoa betri. Mota ilikuwa ya moto kiasi cha kutoshikika. Zaituni alikuwa amesimama na rimoti ameibana kifuani, hasogei. Kisha akasema kwa sauti ambayo sitaki kuisikia tena, "Nimeua kigari cha Babu."

Hukuwepo kumjibu. Nilimjibu mimi, na hakuniamini. Aliingia ndani, akalisukuma beseni chini ya kitanda, na kwa siku zilizofuata ukimtajia gari anatoka chumbani. Kitu cha mwisho ulichompa kwa mkono wako, mtoto aliamini amekichoma. Hapo ndipo hasira yangu ilipoanza. Ilikuwa bado ndogo.

Nilimwomba mama yake, Mariamu, kigari, nikakileta hapa mezani, nikachukua bisibisi na miwani ya kusomea.

Karatasi ya jina la mota ulikuwa umeibandua. Ulikwangua hata gundi. Nikaifungua, nikaona waya: mnene, umezungushwa mara chache kabisa. Mota ya mashindano. Nilitukana kidogo, nikasema ni ubishi wako tu, umeshindwa kukubali kushindwa. Ningeishia hapo. Lakini nikaangalia gia.

Unajua nilichokiona, lakini nitakiandika ili ujue na mimi nakijua. Ile gia ndogo inayokaa kwenye shina la mota, ulikuwa umeweka kubwa kuliko zote zilizokuja na kigari. Kubwa kiasi kwamba kwa kawaida haiingii. Ili iingie, ulichukua tupa ukatanua tundu la kufungia mota, mahali pembamba, taratibu, pande zote mbili sawa, kingo zimelainishwa kama kola ya kanzu. Hiyo ni kazi ya jioni nyingi. Mtu aliyeteleza hapigi tupa namna hiyo. Ulikuwa umepima.

Nikakaa na ile gia mkononi nikijiuliza, alikuwa anapimia nini? Mota ya mbio na gia kubwa juu yake, hicho ni kitu cha kukimbia tu, mbele moja kwa moja, bila kupanda hata kichuguu. Hapa Kigali gari kama hilo halina kazi. Hapa hata kwenda dukani kununua kiberiti unapanda. Wewe uliishi kwenye vilima hivi muda wote huo, ulikuwa unasimama kwenye kona ya Mama Jeanne kupumua ukijifanya unaangalia viatu anavyouza. Ulijua kilima ni nini. Basi nani ambaye angefunga mota ya tambarare, kwa ufundi wote ule, akiwa Kagarama?

Na hapo nikakumbuka maswali yako. Ulikuwa unayauliza kati ya karanga na karanga, bila kuniangalia. "Mwalimu, ile avenyu yetu, kutoka msikitini mpaka mwisho kule, haina hata kimwinuko, sivyo?" Nikakujibu kwamba haina, kwamba Buyenzi imelala kama meza, maji ya mvua yenyewe yalikuwa hayajui yaelekee wapi. Nilikueleza kwa furaha. Nilidhani tunakumbuka. Wewe ulikuwa unachukua vipimo.

Nilikwenda kwa Mariamu saa ile ile, na tupa lako mkononi, sijui kwa nini nilibeba tupa. Alikuwa jikoni anasonga ugali. Nikamuuliza. Hakuacha hata kusonga.

"Mbona Baba alisema kile ni cha huko, Mwalimu? Alisema likizo kubwa atakuja kumchukua Zaituni, wakakikimbize avenyu nzima. Alisema huko hakuna mlima. Mimi nilijua mmekubaliana."

Kisha akaniona usoni, akaacha kusonga. "Mwalimu. Hakukwambia?"

Mariamu alijua. Saidi alijua. Hata mota ilijua kabla yangu. Na ile kwaheri ya stendi, nimwashie kigari, ulinipa ili nisishuku.

Sasa nisikilize. Unaikumbuka siku tuliyomzika Asha? Mke wangu, Salma, alikuwa ameshatangulia, mistari michache ya makaburi kutoka pale. Watu walipoondoka tulibaki wawili, tumesimama na viatu vimejaa udongo, na ni wewe uliyesema. Mimi sikukuomba. Ulisema, "Mwalimu, safari yetu imeishia hapa. Habari ya kurudi tusiitaje tena." Tulikuwa tumeitaja kila Idi, kila harusi, kila umeme ulipokatika. Tulikuwa na nguo za kurudia nyumbani. Na wewe ukaifunga kwa sentensi moja, na mimi nikaitii kama amri ya daktari. Niliacha kusikiliza matangazo ya vifo ya redio ya kule. Sikutaka tena kujua nani amebaki mtaani. Nilipanda parachichi. Nilijifunza majina ya majirani wote mpaka wale wanaokuja wikiendi tu. Nilikata kitu, Hamisi, na kilikuwa hai wakati nakikata, kwa sababu uliniambia na wewe umekata.

Na baada ya hapo ukakaa kibarazani unanimenyea karanga huku unaunganisha cha kwako kimya kimya.

Saidi amenipigia tena. Sauti ya upole, kijana ana adabu, sina neno naye. "Mzee, arobaini ni wiki ijayo. Na marehemu amekuachia chumba. Alitutuma tutie madirisha mawili, alisema Mwalimu hasomi gizani. Njoo, mzee wetu. Njoo ukae kabisa." Madirisha mawili! Hayo hayajengwi kwa wiki mbili. Ulikuwa unatuma maelekezo kwa miezi, unanipangia mwanga wa kusomea upande ule wa mpaka, huku upande huu unanipa mkono wa mota ya kobe. Najua utasema ulitaka kunitangulia, uandae kila kitu, unishtue. Najua kabisa. Ulikuwa vivyo hivyo na nguo za watu. Mtu anakuletea kitambaa cha suruali, wewe unamshonea koti kwa sababu umeona linampendeza. Wengine walishukuru. Mimi sikukuletea kitambaa.

Hukuniuliza kwa sababu ulijua jibu. Ndiyo sababu yenyewe, usinipe nyingine.

Nilirudi nikamwambia Zaituni aniletee viatu vyake, twende mjini. Hakutaka. Nikamwambia ukweli wote juu ya ile mota, juu ya gia, nikamwonyesha alama za tupa. Nikamwambia, "Hukuua kitu. Babu yako alikifunga kwa ajili ya mahali pengine. Hapa ungekaza au usingekaza, kingechemka tu." Aliishika ile gia, akaizungusha kidoleni kama pete, akauliza, "Alijua hapa itachemka?" Nikasema alijua. Kisha akasema kitu ambacho utakibeba huko uliko: "Basi angeniambia. Ningekiweka tu kwenye kabati, nimngoje."

Mjini kuna dada anaitwa Solange, anauza vipuri vya drone, vya printa na vya hivi vigari. Aliona mvi zangu akadhani nimepotea njia ya famasi. "Karibu muzee, unatafuta nini?" Nilimwambia natafuta mota ya mtu anayeanza. Akaweka tatu kwenye kioo. Zaituni alikwenda moja kwa moja kwenye ile isiyo na kaboni, vile vijiwe vinavyosugua ndani na kupitisha umeme, ya kisasa, inayong'aa, ya bluu. Nilimwacha aishike. Kisha nikamfundisha, na natamani ungekuwa umesimama pale uaibike.

Nilimwambia kwanza tuangalie kama inaingia, upana wake na matundu ya skrubu, kwa sababu mota nzuri isiyoingia ni jiwe. Pili, kile kisanduku cha kudhibiti mwendo kina kikomo chake. Kimeandikwa hakikubali mota yenye mizunguko michache ya waya kuliko kiasi fulani, na ile mota yako ilikuwa chini ya kiasi hicho, kwa hiyo kingeungua na chenyewe. Ya bluu ingetaka kisanduku kingine kabisa na betri nyingine. Tatu, nilimuuliza, "Utakiendesha wapi?" Akasema, "Hapa hapa." Nikamwambia sema vizuri, wapi. Akawaza. Akasema, "Kagarama. Kwenye mlima. Na kwenye vumbi. Na kwa bibi wa Masaka, mama yake Baba, kwenye shamba." Basi, nikasema, tunataka waya wenye mizunguko mingi, gia ndogo, na kaboni ambazo vumbi likizila tunazibadilisha wenyewe mezani.

Solange akasema, "Lakini muzee, iyo haina vitesi, haina mbio. Iyo iko ya watoto."

"Mtoto si huyu hapa?"

"Babu! Mimi siko mtoto, niko sekondari, S2!" Na duka zima likacheka, na yeye mwenyewe akacheka, mara ya kwanza tangu ile harufu. Akaweka ya bluu chini. Akachukua ile ya kijivu, isiyo na sura, akaipima mkononi. "Hii," akasema. Alichagua mwenyewe, Hamisi. Nilimpa sababu zote, wazi, na akachagua. Umeona ilivyo rahisi?

Tundu ulilolitanua lilitusumbua. Gia ndogo iliacha nafasi, mota ikawa inacheza. Ilibidi nikate kipande cha bati, nikifinyange, nikitie kujaza ulipokwangua. Zaituni alishika taa. Kaza, legeza, zungusha kwa kidole usikilize meno. Alisikia kabla yangu kwamba yamebana mno.

Leo asubuhi ilikuwa ile Jumapili ya barabara bila magari, jiji linapowaachia watu wafanye mazoezi. Mvua ilikuwa imepita, lami inang'aa, watu wanakimbia kwa makundi na fulana zao. Hatukukaa kwenye lami. Tuliingia kwenye ule mlima wa udongo, pale pale kilipoungua. Zaituni alifuta viganja kwenye sketi. Akakaza.

Kilipanda. Sitakuongopea kama wewe, hakikupanda kwa mbio. Kilipanda kama mama aliyebeba ndoo kichwani, kikikwepa mawe, kikiserereka kidogo kwenye tope, kikishika tena. Kijana mmoja anayekimbia alitupita akageuka. "Muzee, iyo gari yako itafika leo ao kesho?" Kabla sijafungua mdomo Zaituni akamjibu, macho kwenye gari, "Itafika. Wewe kimbia, usichelewe." Kilifika alipokuwa anapumua mikono magotini, kikampita. Ungeona uso wake. Ungeona uso wa Zaituni.

Juu kabisa niliweka kidole kwenye mota. Ilikuwa na joto la kikombe kilichokwisha chai. Niliacha kidole pale, sikukiondoa.

Kutoka pale unaona Gahanga na mashamba yake na mabati mapya, na nyuma yake Bugesera inalala chini, na nyuma ya hiyo ukungu. Unajua kuna nini nyuma ya ukungu: mpaka, na kwetu. Mara ngapi tulisimama pale na wewe ukanyoosha fimbo. Zaituni alikuwa anakifuta kigari tope kwa upindo wa kanga ya bibi yake. Hakuniangalia alipouliza, "Babu Mwalimu, na wewe utaenda arobaini? Mama anasema wamekutengenezea chumba." Kisha akauliza jambo lenyewe: "Ukienda, utarudi?"

Sikumjibu pale. Nilisema mvua inarudi, tushuke. Jibu nalileta kwako kwanza, kwa kuwa wewe ndiye uliyeliita, na kesho asubuhi nitavuka uchochoro nimpe yeye.

Nimesoma vitabu vingi vya watu waliohama makwao. Karibu vyote vinakwenda kuishia mlangoni pa nyumba ya zamani, mtu anagusa ukuta analia. Hakuna aliyeniandikia juu ya mtu aliyekubali kupanda, siku baada ya siku, mpaka magoti yakazoea. Mimi tambarare siiwezi tena. Ukiniweka kwenye avenyu yetu nitaanguka kama wewe, nikitoka mahali, watu wema watanizika kabla ya alasiri, na Salma atabaki huku na majani yanamwotea. Asha wako yameshamwotea. Ijumaa nilikwenda nikamng'olea, kwa hasira, nikamwambia ulikokwenda. Nadhani alikuwa anajua na yeye.

Mota yako sikuitupa. Niliisafisha, nikaitia kaboni mpya, nikaijaribu hapa mezani na inazunguka vizuri, inatisha kama zamani. Iko kwenye kitambaa pamoja na gia yako. Nakuahidi hili na sitalivunja: nitamfundisha Zaituni mpaka ajue kuachia. Siku atakapojua, nitampa kitambaa hiki na nitamwambia, bila kukwangua jina lolote, ni mota ya wapi na iliwekwa na nani na kwa nini. Akitaka kwenda akaikimbize kutoka msikitini mpaka mwisho wa avenyu, ataikimbiza, na mimi nitamsindikiza stendi nimnunulie maji. Lakini ataulizwa kwanza.

Chumba apewe Saidi. Madirisha yabaki mawili, huenda kijana akaanza kusoma.

Lala salama, Hamisi. Nimekukasirikia kama ambavyo mtu hukasirikia mmoja tu maishani. Arobaini nitaisoma hapa Kagarama, na Mariamu, na Zaituni.

Mimi sirudi.

Mwalimu wako